Baba, kaka na mchumba wa dada uwanjani: raundi ya gofu ya kifamilia ipangwe vipi?

Swali la msomaji: Mwishoni mwa juma lijalo familia yetu yote itakutana. Baba ana umri wa miaka 71 na handikapu 18, yaani mikwaju anayopunguziwa ili aweze kushindana sawa na walio hodari zaidi. Mwaka jana alibadilishiwa nyonga, na sasa daktari amemruhusu kurudi uwanjani. Kaka yangu ana handikapu 8, mimi nina 26, na mchumba wa dada yetu mdogo, ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kukaa nasi, hajawahi kushika fimbo ya gofu. Baba anasisitiza tucheze sote wanne. Mara ya mwisho tulipocheza, kila mtu na mpira wake, kaka alitutangulia, mimi nikawa vichakani natafuta mipira, baba akachoka kwenye shimo la 13, tukarudi nyumbani hatusemeshani. Isitoshe, kaka amepata kazi katika nchi nyingine na anataka kumpa baba habari hiyo huko huko uwanjani. Tupange vipi ili mchezo uwe wa haki kwa wote? Na je, uwanjani ni mahali pa kutolea habari kama hiyo?

Jibu: Ndugu yangu, kilichoharibu raundi yenu iliyopita si tabia ya mtu yeyote kati yenu. Wachezaji wanne wenye viwango vilivyoachana namna hiyo, kila mmoja akipiga mpira wake mwenyewe kwa mashimo 18, hawawezi kuwa pamoja hata wakitaka. Mpira wa kaka yako unatua katikati ya nyasi fupi mita zaidi ya mia mbili mbele, wako uko kulia kwenye nyasi ndefu, wa mzee uko nyuma kidogo, na wa mgeni haujavuka hata nusu ya njia. Kila mmoja anaufuata wake, na kwa hiyo watu wanne walioingia uwanjani kama familia wanatembea wakiwa wametengana kwa saa nne au tano, wakikutana kwa dakika chache tu karibu na bendera, wakati ambapo kila mtu ana hesabu yake kichwani na hana hamu ya mazungumzo. Kwa sababu hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuchagua mtindo wa kucheza utakaowaweka mahali pamoja. Mkishakuwa mahali pamoja, haki ya mchezo na nafasi ya mazungumzo vitapatikana kwa mkupuo mmoja.

Mtindo huo ni ule unaoitwa skrambo, nanyi mcheze wawili kwa wawili. Wachezaji wawili wa timu moja wote hupiga mkwaju wa kwanza, kisha huangalia mpira upi umekaa vizuri zaidi, wanauacha mwingine, na wote wawili hupiga mkwaju wa pili kutoka hapo. Huendelea hivyo hadi mpira uingie shimoni. Mpira unaohamishwa huwekwa ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka mahali palipochaguliwa, bila kusogea karibu zaidi na shimo, na bila kubadilisha aina ya ardhi: uliochaguliwa ukiwa mchangani, wote wawili wapige kutoka mchangani. Mkifika kwenye grini, yaani zile nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo, wekeni mpira mahali pale pale. Mpira wako ukipotea vichakani, hakuna anayelazimika kwenda kuutafuta maadamu wa mwenzako unaonekana, na hapo nusu ya chanzo cha ugomvi wenu inakuwa imeondoka. Ikitokea mkalazimika kutafuta, kumbukeni kwamba tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu dakika tatu tu badala ya tano za zamani, nami ningependa muuheshimu muda huo hata katika mchezo wa kirafiki.

Sasa, nani acheze na nani? Wengi wangemweka mzee na kaka yako upande mmoja kwa kuwa wamezoeana, kisha wewe na mgeni mbaki upande wa pili, na mchezo ungekuwa umekwisha kabla haujaanza. Mweke kaka yako na mchumba wa dada yenu, nawe ucheze na baba. Si kwa huruma, bali kwa hesabu. Mfumo wa handikapu unaotumika duniani tangu mwaka 2020 unapendekeza kwamba katika skrambo ya watu wawili, timu ipewe asilimia 35 ya handikapu iliyo ndogo na asilimia 15 ya iliyo kubwa. Mgeni hana handikapu, kwa hiyo mpeni ya juu kabisa inayoruhusiwa, ambayo ni 54. Upande wa kaka yako unapata 2.8 kutoka kwake na 8.1 kutoka kwa mgeni, jumla 10.9. Upande wenu unapata 6.3 ya mzee na 3.9 yako, jumla 10.2. Tofauti haifiki hata mkwaju mmoja kwa mashimo 18, na kwa mashimo tisa, ambayo ndiyo nitakayowashauri, kila upande unabaki na mikwaju mitano, yaani mko sawa kwa sawa. Mara chache sana nimeona familia ikigawanyika kwa usawa namna hii bila kulazimisha.

Nimechukulia kwamba namba ulizonitajia ni za uwanja mtakaochezea. Kama ni zile za jumla ambazo mchezaji huwa nazo popote aendapo, zinapaswa kwanza kubadilishwa kulingana na ugumu wa uwanja, ambao hupimwa kwa namba kati ya 55 na 155, na 113 ikihesabiwa kuwa ndiyo ya kawaida. Ofisi ya klabu huwa na jedwali la kubadilishia ukutani au kwenye programu yao, na kazi hiyo haichukui dakika mbili.

Shindaneni kwa shimo badala ya kujumlisha mikwaju. Upande uliotumia mikwaju michache kwenye shimo hilo umeshinda shimo, na shimo linalofuata linaanza upya. Shimo moja baya linapotea peke yake bila kuwafuata hadi mwisho, na hapana haja ya mtu kutembea na kalamu akimuuliza mwenzake amepiga mara ngapi.

Kuna kanuni moja ambayo nakusihi msiiache, nayo ni kwamba kila mchezaji lazima mkwaju wake wa kwanza utumiwe angalau kwenye mashimo mawili kati ya yale tisa. Bila kanuni hiyo, kaka yako atacheza peke yake na mgeni atakuwa msindikizaji anayebeba fimbo. Kanuni ikiwepo, kaka yako atalazimika kufikiri ni shimo gani la kutumia mkwaju wa mwenzake, na hilo ni swali gumu na la kufurahisha hata kwa mtu mwenye handikapu 8. Mahali pazuri huwa ni shimo refu la pari 5, yaani lile ambalo mchezaji hodari hutarajiwa kulimaliza kwa mikwaju mitano, kwa sababu hata mpira ukienda mita themanini tu bado kuna nafasi ya kufidia mbele. Mchezaji mzuri anapolazimika kupiga mkwaju wa pili kutoka mahali ambapo hajawahi kusimama maishani mwake, na mpira uliompeleka hapo ni wa shemeji yake mtarajiwa, hapo ndipo watu wawili wanapoanza kushauriana kwa dhati.

Zamu ya kupiga nayo ina maana yake. Kwenye mkwaju wa kwanza, kaka yako atangulie. Mpira wake ukishakaa salama, mgeni anapiga bila hofu kwa kuwa hana cha kuharibu, na mwili usio na hofu huzungusha fimbo vizuri zaidi. Kwenye grini mgeuze: mgeni asukume kwanza, kaka yako amalize. Mpira wa kwanza kupita juu ya majani huonyesha unavyopinda na kasi unayohitaji, kwa hiyo hata akikosa, amemsaidia mwenzake kwa jambo la kweli. Mwambieni hivyo waziwazi kabla ya kuanza. Mwangalie atakavyochuchumaa nyuma ya mpira wake, akiifuatilia ile njia kwa macho hadi mdomo wa shimo, ilhali saa moja kabla hakujua kwamba nyasi za grini zina mteremko.

Kaka yako huenda akasita kwa kuhofia handikapu yake. Atulie, kwani matokeo ya skrambo hayapokelewi kabisa katika kukokotoa handikapu, yawe mazuri au mabaya.

Baba yako naye anaweza kupinga kwa sababu nyingine. Wachezaji wa umri wake wengi huamini kwamba gofu ni mtu kupiga mpira wake mwenyewe, nami siwezi kuwalaumu. Akikataa kata kata, tumieni Stableford, mfumo uliobuniwa na daktari mmoja Mwingereza, Frank Stableford, na kuchezwa kwa mashindano katika klabu ya Wallasey mwaka 1932. Kila mtu hupiga mpira wake lakini huhesabiwa pointi: baada ya kupunguza mikwaju ya handikapu, ukifikia pari ya shimo unapata pointi 2, ukizidisha mkwaju mmoja unapata 1, ukipunguza mmoja unapata 3, na ukizidisha miwili au zaidi huna kitu, basi unaokota mpira wako na kuendelea. Wewe mwenye 26 unaongezewa mkwaju mmoja kwenye kila shimo na wa pili kwenye mashimo manane magumu zaidi kati ya yale 18. Mgeni mwenye 54 anaongezewa mitatu kila mahali, kwa hiyo kwenye shimo la pari 4 akimaliza kwa mikwaju saba amepata pointi 2 sawasawa na kaka yako aliyemaliza kwa minne pale ambapo hakuongezewa kitu. Mgeni akishapiga mara nane kwenye shimo hilo bila kuingiza, aokote mpira. Ni mfumo wa haki na wa heshima, lakini hauwaweki pamoja kama skrambo, na ndiyo maana nauweka nafasi ya pili.

Kuhusu afya ya mzee, daktari amekwishatoa ruhusa, na sina la kuongeza juu ya uamuzi wake isipokuwa kukuomba mumuulize mambo mahususi: je, ameruhusiwa kuzungusha fimbo ndefu kwa nguvu, au mikwaju mifupi tu kwa sasa? Je, aepuke kutembea kwenye miteremko? Majibu hayo yatawaambia aanzie wapi kwenye kila shimo, na hakuna aibu yoyote yeye na mgeni kupiga mkwaju wa kwanza kutoka vile vituo vya kuanzia vilivyo mbele zaidi, kwa kuwa rangi za vituo hivyo huonyesha urefu wa uwanja na si umri wala jinsia ya anayevitumia. Mtu mwingine ndiye auokote mpira wake kutoka shimoni, na auokote kimya kimya, bila kutangaza kwamba anamsaidia. Tena, sheria za mwaka 2019 zinaruhusu mpira kusukumwa bendera ikiwa bado imesimama shimoni, kwa hiyo hapana haja ya yeye kuinama kuilaza wala kuiinua.

Chezeni mashimo tisa. Alichoka kwenye shimo la 13 kabla ya upasuaji. Sioni sababu ya kumpeleka huko tena sasa. Kodini kigari kimoja, mzee akae humo, na ninyi watatu mpokezane kukaa naye, kila mmoja mashimo matatu. Wawili waliobaki wanatembea na vitoroli vyao. Kupokezana huko hakuhusiani na timu, na ndiko kunakotoa nafasi ambayo hamkuipata mara ya mwisho, kwa kuwa kila mmoja wenu atapata kama dakika arobaini za kukaa bega kwa bega na baba yake au baba mkwe wake mtarajiwa, bila kuonekana ameitwa pembeni. Anza wewe, mashimo ya 1 hadi 3, wakati viungo vya mzee bado vinapata moto na mgeni anamhitaji kaka yako karibu amwelekeze. Mgeni achukue ya 4 hadi 6, atakapokuwa amepiga mipira kadhaa na woga umempungua. Kaka yako akae ya 7 hadi 9.

Hapo ndipo swali lako la pili linapoingia, na jibu langu ni la wazi: kaka yako asimpe baba habari ya kuhama kwa mara ya kwanza uwanjani. Gofu hukatiza mazungumzo kila baada ya dakika chache. Mtu anaposimama mbele ya mpira wake, wote wananyamaza na hakuna anayetikisika; akishapiga, watu wanasogea, wanatafuta, wanachagua fimbo, kisha ndipo mazungumzo yanarudi. Kwa hiyo habari isiyoweza kukatizwa nusu haifai huko. Hebu mfikirie mzee aliyeambiwa kwamba mwanawe anahamia nchi nyingine, na kabla hajauliza lini na kwa muda gani, anaitwa kwamba ni zamu yake kupiga. Atapiga vibaya, atanyamaza, na ninyi mtadhani amekasirika, kumbe hakupewa nafasi ya kuuliza.

Aambiwe usiku wa kuamkia siku ya mchezo, nyumbani, akiwa ameketi, na mama yenu akiwepo, kwa sababu habari hiyo ni yake pia. Usiku huo hatasema mengi. Wazazi wengi hupokea habari ya namna hiyo kwa maneno machache, na maswali yenyewe huja baadaye, moja moja: nyumba utaiacha na nani, watoto watasoma wapi, mimi nikiugua itakuwaje. Kwa maswali hayo sijui mahali pazuri kuliko kigari cha gofu, kwa sababu watu wawili wanaangalia mbele badala ya kuangaliana usoni, mikono ina kazi, na likija swali zito ukimya unaofuata hauna ugumu, kwani kuna mpira wa kuufuata. Ndiyo maana nimempa kaka yako mashimo matatu ya mwisho. Mzee atakuwa amelala na ile habari, ameamka nayo, na amecheza mashimo sita akiwa nayo kifuani. Akitaka kuuliza atauliza, na asipotaka, kaka yako asimchokonoe.

Habari za ndoa ya dada yenu ni za aina nyingine. Hizo ingieni nazo uwanjani kwa furaha, zikatizwe mara kumi na kurudiwa mara kumi. Ila mwonye kaka yako, na ujionye mwenyewe, msigeuze zile dakika za mgeni na mzee kuwa usaili kwa kuwasogelea ili kusikiliza. Kaeni upande wa pili wa njia.

Mgeni huyo anahitaji maandalizi kidogo, nayo yafanyike siku moja kabla. Mwelezeni mapema mavazi yanayotakiwa na klabu, kwa kuwa nyingi hudai shati lenye kola na hukataa suruali za jinzi, na ni vibaya mtu kuyajua hayo akiwa mlangoni mbele ya baba wa mchumba wake. Ulizeni pia kama klabu inamruhusu mtu asiye na handikapu kuingia, kwani baadhi hazimruhusu. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini haisemi lazima ziwe ngapi. Yeye mpeni nne: moja ya kupigia mbali isiyo ndefu sana, ya chuma namba 7, moja ya mikwaju mifupi na mchanga, na ya kusukumia. Mfundisheni kushika fimbo na kusimama, basi. Mfundisheni pia mahali pa kusimama wenzake wanapopiga, yaani asiwe mbele ya mpira kamwe wala karibu na mzunguko wa fimbo, na ninyi msisimame hata kidogo mbele yake anapopiga, hata kwa pembeni, kwa sababu mpira wa anayeanza unaweza kuchomoka kwa pembe ambayo hamkuitegemea. Kwenye grini mwonyesheni jinsi ya kutokanyaga njia ya mpira wa mwenzake na jinsi ya kurekebisha kibonyeo kidogo kinachoachwa na mpira ulioanguka kutoka juu. Kazi hiyo ya mwisho huwapendeza sana wanaoanza, kwa kuwa wanaweza kuifanya vizuri kama mchezaji yeyote.

Mchezo ukishaanza, mwalimu awe mmoja, kaka yako, na aseme anapoulizwa tu. Hakuna kinachomchosha anayejifunza kama kuambiwa na watu watatu kuhusu kiwiko, goti na kichwa kwa wakati mmoja.

Hujanieleza mama yenu na dada yenu watakuwa wapi wakati wote huo, na hilo limenisumbua kidogo. Raundi kamili pamoja na safari ingewaacha nyumbani karibu siku nzima, katika mwisho wa juma ambao habari kubwa kuliko zote ni ya dada huyo. Mashimo tisa huchukua kama saa mbili hadi mbili na nusu. Waalikeni wawakute kwenye grini ya mazoezi mtakapomaliza, kila mtu apewe mpira mmoja na fimbo ya kusukumia, na mshindane sita nyinyi kwa nyinyi kusukuma kutoka umbali wa hatua tano. Shimo lina kipenyo cha milimita 108 kwa kila mtu, na kwenye umbali huo mtu mwenye handikapu 8 hana uhakika wa kumshinda mama yake. Dada yenu akionyesha hamu, mwulizeni siku hiyo hiyo kama angependa kuwa wa tano safari ijayo.

Yamebaki machache. Ombeni muda wa kuanza alasiri, uwanja unapokuwa na watu wachache, na kundi la nyuma likiwakaribia lipisheni mara moja bila kungoja kuombwa. Kati yenu, aliye tayari apige, msisubiriane kwa adabu. Msiweke fedha, upande utakaoshindwa usafishe fimbo za wote. Mzee akichoka mapema, simamisheni mchezo hapo na aliyeshinda mashimo mengi kufikia wakati huo ndiye mshindi. Na kaka yako akilalamika kwamba hakupata mchezo wa kiwango chake, mwambie ajiandikishe kwa raundi ya mapema kabisa Jumapili asubuhi, acheze mashimo yake 18 peke yake, na awe amerudi nyumbani kabla wengine hawajamaliza kujiandaa.